Mhandisi Anajibu: Barabara Iliyofaulu Maabara na Kuharibika Masika

Barua zilizotufikia tangu toleo lililopita zimehusu zaidi barabara na madaraja, na nyingi zina dukuduku lile lile: vipimo vinafanyika na vyeti vinatolewa, kwa nini basi kazi inaharibika mapema? Nimechagua chache za kujibu hapa. Ile ya Handeni nimeipa nafasi kubwa kwa sababu majibu ya nyingine yanaiegemea.

Ndugu Mhandisi, barabara inayopita kijijini kwetu ilijengwa upya kwa changarawe na kuwekwa lami nyembamba juu yake. Wakati wa ujenzi tuliwaona mafundi wa maabara wakichukua udongo kwenye mifuko, na msimamizi alituambia kwamba changarawe hiyo imefaulu kwa CBR ya 80. Sasa ni masika ya pili tu, kingo zimeanza kumeguka na katikati kuna mashimo. Je, tulidanganywa, au kipimo chenyewe hakina maana? — Msomaji, Handeni

Inawezekana kabisa kwamba hamkudanganywa na kwamba kipimo kina maana, ila kilijibu swali tofauti na mnalouliza ninyi.

Kipimo cha CBR (California Bearing Ratio), yaani kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo, kilibuniwa California mwishoni mwa miaka ya 1920 na mhandisi O. J. Porter wa idara ya barabara ya jimbo hilo. Udongo hushindiliwa ndani ya kopo la chuma lenye kipenyo cha milimita 152, hulowekwa majini kwa siku nne, kisha fimbo nene ya chuma yenye kipenyo cha karibu milimita 50 husukumwa ndani yake polepole kwa mashine. Nguvu inayohitajika ili fimbo izame milimita 2.5 hulinganishwa na kilonyutoni 13.2, ambayo ni nguvu iliyowekwa kuwa kigezo kutokana na kokoto bora zilizosagwa. Changarawe yenye CBR ya 80, kwa hiyo, ni ile iliyoonyesha asilimia 80 ya ukinzani huo. Mwongozo wa usanifu wa barabara wa Tanzania wa mwaka 1999 umevipanga viwango vyake vya ubora wa changarawe kwa namba hizo hizo: G80 na G60 kwa tabaka la juu la msingi, G45 na G25 kwa tabaka linalofuata chini, na kuendelea kushuka hadi G3.

Sasa tazama kilichojificha ndani ya namba hiyo. Udongo wa kwenye kopo ulishindiliwa na fundi aliyehesabu mapigo ya nyundo na kupima maji aliyoyachanganya, kwa sababu tangu R. R. Proctor wa Los Angeles alipochapisha kazi yake mwaka 1933 inajulikana kwamba kila udongo una kiasi chake cha maji kinachouwezesha kushikana zaidi. Ukiwa mkavu kupita kiasi chembe hazitelezi kukaribiana, na ukiwa na maji mengi, maji yenyewe huchukua nafasi ambayo chembe zingeikalia. Barabarani kazi hiyo hufanywa na greda, boza la maji na rola, tena mara nyingi juani, ambako maji hukauka kabla rola haijamaliza mizunguko yake. Changarawe ile ile iliyotoa 80 ndani ya kopo inaweza kutoa namba ya chini mno ikiwa imelala barabarani bila kushikana. Ndiyo maana cheti cha CBR peke yake hakitoshi. Lazima kiambatane na kipimo cha mshindilio kilichochukuliwa palepale kwenye tabaka, ambacho kwa kawaida hutakiwa kufikia asilimia 95 hadi 98 ya kile cha maabara, kutegemea tabaka lenyewe.

Kipimo hicho cha mshindilio hufanywa kwa kuchimba shimo dogo, kupima uzito wa udongo uliotoka, na kulijaza shimo kwa mchanga mkavu ambao uzito wake kwa kila lita unajulikana, ili kupata ujazo. Wengine hutumia kifaa cha mionzi ambacho hutoa jibu kwa dakika chache, na ambacho kwa sababu ya mionzi hiyo hakitumiki bila kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki. Mimi binafsi nauamini zaidi mchanga, japo unachosha, kwa sababu kifaa cha mionzi kisipohakikiwa dhidi ya njia ya mchanga kwenye udongo wa eneo husika kinaweza kutoa namba nzuri zisizo na ukweli, hasa kwenye changarawe zenye chuma nyingi.

Liko pia suala la sampuli. Mifuko mliyoiona ilitoka wapi? Machimbo ya changarawe hayafanani kutoka juu hadi chini, wala kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na tingatinga likichimba nusu mita zaidi ya tabaka zuri linaanza kuchanganya udongo wa mfinyanzi. Mfuko wa siku ya kwanza hauwezi kulitetea lori la mwezi wa tatu. Mkandarasi makini huchukua sampuli kila baada ya kiasi fulani cha ujazo na kuandika kilomita ambako shehena hiyo ilimwagwa, ili siku mashimo yakitokea kwenye kilomita ya nne mtu aweze kurudi kwenye daftari na kuona ni changarawe gani ilikwenda pale.

Kwa maelezo yako, hata hivyo, ningeanza kushuku maji kabla ya changarawe. Kingo zikimeguka kwanza, mara nyingi maji yanaingia kupitia mabega ya barabara yasiyo na lami na kulainisha tabaka la msingi kutoka pembeni kuelekea katikati, mahali hasa panapopita gurudumu la nje la lori. Miongozo ya barabara zenye magari machache katika ukanda wetu inasisitiza kwamba mgongo wa barabara uwe juu ya sakafu ya mtaro kwa angalau mita 0.75. Chukueni kamba, kipande cha ubao ulionyooka na futi, mkapime wenyewe. Mkikuta mtaro umejaa mchanga na kimo hicho kimebaki nusu, mmepata sababu ambayo hakuna CBR inayoweza kuifidia.

Jambo moja mnaloweza kuliomba rasmi ni upimaji wa DCP. Hiki ni chombo rahisi: fimbo yenye ncha ya koni ya nyuzi 60 na kipenyo cha milimita 20, inayogongwa na nyundo ya kilo 8 ianguke kutoka kimo cha milimita 575. Mafundi husoma fimbo imezama milimita ngapi kwa kila pigo. Kwa muda mfupi tu wanapata picha ya tabaka zote hadi kina cha milimita 800, bila kuchimba barabara, na wanaona tabaka dhaifu linaanzia wapi. Mwongozo wa Tanzania wa mwaka 2016 kuhusu barabara zenye magari machache unaruhusu hata usanifu ufanyike kwa kutumia masomo hayo. Ombeni pia masomo ya DCP ya siku barabara ilipokabidhiwa, kama yapo. Bila hayo, namba za leo zitawaonyesha kwamba barabara ni dhaifu, lakini hazitawaonyesha kama ilizaliwa dhaifu au ilidhoofika baadaye, na mbele ya mkandarasi tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani alipe.

Kaka Mhandisi, nimetozwa faini kwenye mzani ilhali uzito wote wa gari langu ulikuwa chini ya tani 56. Naambiwa ekseli moja ilizidi. Uzito si ule ule tu? Na mbona lami inazama zaidi mlimani na kwenye foleni kuliko kwenye tambarare tunakokimbia? — Dereva wa lori, Mbeya

Uzito wa gari ni ule ule, kaka, lakini barabara haibebi gari zima kwa pamoja. Kila ekseli huibonyeza kwa zamu yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu udhibiti wa uzito wa magari inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima, lakini inaweka pia ukomo kwa kila ekseli: tani 8 kwa ile ya usukani na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Mzigo ukipangwa vibaya, au ukisogea nyuma kwa mtikisiko wa safari, jumla inabaki halali huku ekseli moja ikivunja sheria.

Ukali huo una historia. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, zilijengwa barabara za majaribio zenye unene tofauti, na wanajeshi wakaendesha malori juu yake mchana na usiku hadi ekseli zilizopita zikazidi milioni moja. Wahandisi walipolinganisha uharibifu na uzito, waligundua kwamba madhara hayaongezeki sambamba na tani, bali kwa takriban kipeo cha nne. Ekseli ya tani 12 badala ya 10 ina uzito uliozidi kwa asilimia 20, lakini madhara yake ni zaidi ya mara mbili. Kwa hesabu hiyo hiyo, ekseli ya gari dogo yenye nusu tani ingelazimika kupita mara 160,000 ili kuumiza barabara kama ekseli ya tani 10 iliyopita mara moja. Mwongozo wetu wa 1999 unatumia kipeo cha 4.5, ambacho ni kikali zaidi kidogo.

Nakiri kwamba kuitumia kanuni hiyo kila mahali bila kuhoji kunanikera. Majaribio ya Illinois yalifanyika juu ya aina moja ya udongo, kwenye baridi ambayo hugandisha ardhi kila mwaka, na sehemu kubwa ya uharibifu ilitokea wakati barafu inayeyuka. Udongo wa mbuga wa Shinyanga haujawahi kuganda. Hata hivyo, tafiti nyingi zilizofuata katika nchi za joto hazijalipindua wazo kuu, kwamba tani chache za mwisho ndizo zinazoumiza zaidi, kwa hiyo malalamiko yangu hayatakusaidia kwenye faini.

Kuhusu mlima na foleni, umeona sawasawa. Lami ikibonyezwa haraka huwa ngumu na kurudi ilivyokuwa, lakini ikibonyezwa kwa muda mrefu ikiwa na joto hutiririka polepole. Lori lenye shehena linalopanda kwa mwendo wa mguu, au linalosimama na kusogea mita mbili mbili, linaiachia lami muda wa kutosha kusukumwa pembeni, na ndipo njia za magurudumu zinapozama na tuta dogo kuinuka kando yake. Maabara hulipima hilo kwa kupitisha gurudumu dogo la chuma au mpira juu ya kipande cha lami kilichopashwa moto, mara maelfu, na kupima kina cha mfereji unaojitokeza. Kipimo cha zamani cha Marshall, ambacho tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 hubana kipande cha lami kilichopashwa hadi nyuzi 60 za Selsiasi, hakiigi hali hiyo vizuri. Kwa maoni yangu, sehemu za milima mikali na za kusubiria mzani zingestahili mchanganyiko wake wa lami, au zege, kama ilivyofanywa kwenye njia za mabasi yaendayo haraka jijini Dar es Salaam.

Mwalimu, shikamoo. Sisi ni wanafunzi wa mwaka wa mwisho na tunataka kufanya utafiti wa kuimarisha udongo wa barabara kwa majivu ya pumba za mpunga. Msimamizi wetu anasema mada imechoka. Tuachane nayo? — Wanafunzi wa uhandisi, Morogoro

Marahaba. Kilichochoka ni namna ya kuifanya, na hapo msimamizi wenu ana hoja. Tafiti nyingi za aina hii huchanganya udongo na majivu kwa asilimia kadhaa, hupima CBR, huchora mchirizi unaopanda na kushuka, kisha hutangaza asilimia bora. Majivu hayo peke yake hayashikamani. Silika iliyomo ndani yake inahitaji chokaa au saruji ili itengeneze gundi, na silika yenyewe huwa hai tu ikiwa pumba zimechomwa kwa moto wa wastani. Moto ukiwa mkali mno silika hugeuka fuwele na kulala. Kwa hiyo andikeni pumba zilichomwa wapi, kwa joto gani na kwa muda gani. Majivu kutoka tanuri la matofali si sawa na yale ya tanuri la maabara, na kijiji kitakachotumia matokeo yenu hakina tanuri la maabara.

Halafu vipimeni vipande vyenu baada ya kuvilowesha na kuvikausha kwa mizunguko mingi, si mara moja. Udongo ulioimarishwa kwa chokaa unaweza kupoteza nguvu kwa kuloa na kukauka, na pia kwa hewa ya kaboni inayoingia ndani yake pole pole. Mkiweza kulaza hata mita chache za majaribio ndani ya eneo la chuo, mahali panapopita gari la maji au la taka, na kuacha namba za siku ya kwanza kwa ajili ya wanafunzi watakaokuja, utafiti wenu utakuwa na thamani kuliko kutangaza asilimia bora nyingine tena.

Ninajenga nyumba ya ghorofa moja. Fundi ametengeneza vipande vya zege vya kupimwa, na ananiambia majibu ya siku 7 yametosha, tuendelee. Ni sahihi? — Msomaji, Dodoma

Majibu ya siku 7 hukuonyesha mwelekeo, na yakiwa mabaya sana hukuokoa mapema. Nguvu inayohesabiwa kwenye usanifu ni ya siku 28, kwa hiyo vipande vingine vitatu vya milimita 150 visubiri ndani ya maji hadi siku hiyo. Hakikisha pia vipande vilijazwa kutoka kwenye zege lile lile lililoingia kwenye nguzo, baada ya maji ya mwisho kuongezwa. Fundi akiongeza ndoo ya maji baada ya kujaza vipande ili zege limwagike kwa urahisi, vipande vitafaulu na nguzo itafeli.

Mhandisi, tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 nimelipita mara nyingi, na nikiwa katikati ya zile kilomita tatu huwa najiuliza: daraja likianza kuumwa, nani anajua? Nasikia siku hizi madaraja huwekewa vihisi vinavyotoa taarifa vyenyewe. Vinatosha? — Msomaji, Mwanza

Vihisi vipo na vinasaidia, lakini vina tabia zake. Vingine hupima mvutano kwenye chuma na zege, vingine hupima mitetemo, mwinamo wa nguzo au joto. Baada ya daraja la barabara ya I-35W mjini Minneapolis kuanguka tarehe 1 Agosti 2007 na kuua watu 13, daraja jipya lililofunguliwa mwaka uliofuata liliwekewa vihisi zaidi ya 300. Wengi husahau kwamba lile la zamani liliangushwa na vibao vya chuma vya kuunganishia vilivyosanifiwa vikiwa vyembamba mno miaka ya 1960. Kosa lilikuwa kwenye karatasi, na hesabu iliyorudiwa kwa makini ingeligundua bila kihisi hata kimoja.

Ugumu mkubwa wa vihisi ni kujua ni badiliko gani la kutisha. Kila daraja hutetemeka kwa kasi yake ya asili, na likipata ufa au kulegea, kasi hiyo hushuka. Huko Uswisi kulikuwa na daraja lililojulikana kama Z24, ambalo kabla ya kubomolewa mwaka 1998 lilifuatiliwa kwa karibu mwaka mzima na kisha kuharibiwa kwa makusudi, hatua kwa hatua, ili watafiti waone vihisi vitasema nini. Waligundua kwamba lami ya juu ilipoganda kwa baridi, kasi ya mtetemo ilipanda kiasi cha kuweza kuficha madhara ya kweli. Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo, lakini jua la mchana hurefusha chuma na zege na usiku huvirudisha, kwa hiyo daraja la saa nane mchana halina namba sawa na la saa kumi alfajiri. Mtu anayetaka kulielewa daraja jipya lazima arekodi mwaka wake wa kwanza, kiangazi na mvua, likiwa bado zima. Mwaka huo ukishapita bila kurekodiwa haurudi, na vihisi vitakavyofungwa miaka kumi baadaye havitakuwa na kitu cha kulinganisha.

Jicho la mkaguzi nalo halijapoteza kazi, ingawa nalo hukosea. Mei 2021 wakaguzi waligundua ufa mkubwa kwenye chuma cha daraja la I-40 linalovuka mto Mississippi mjini Memphis, na magari yakasimamishwa hadi Agosti. Picha za droni zilizopigwa mwaka 2019 zilipotazamwa tena, ufa ulionekana humo. Picha zilikuwepo, ila hakuna aliyeziona kwa macho ya kutafuta.

Kama ningepewa fedha kidogo za kufuatilia madaraja yetu ya kawaida ya mikoani, nisingeanza na vihisi vya mitetemo. Ningepima kitako cha mto. Maji ya mafuriko huchimba udongo chini ya msingi wa nguzo, kisha mto ukitulia shimo hujazwa mchanga laini na kila kitu huonekana salama. Daraja la Schoharie Creek katika jimbo la New York liliangushwa na mchimbo wa aina hiyo tarehe 5 Aprili 1987, na watu 10 walikufa. Kamba yenye uzito mwishoni, ikishushwa kutoka sehemu zile zile za ukingo wa daraja kabla na baada ya kila msimu wa mvua, na vipimo vikiandikwa kwenye daftari moja, ingetosha kuonyesha nguzo ipi inahitaji mawe au mhandisi wa haraka.

Ndugu Mhandisi, kalavati letu kubwa limepata ufa kwenye ukuta wa pembeni baada ya mafuriko. Hatuna kifaa chochote. Tufanye nini wakati tunasubiri wataalamu? — Mwenyekiti wa kijiji, Kilosa

Mwenyekiti, wekeni alama ya penseli au rangi kwenye ncha zote mbili za ufa na kuandika tarehe pembeni. Katika sehemu mbili au tatu, pakeni kiraka chembamba cha jasi au saruji kikivuka ufa. Kikipasuka, ufa bado unatembea. Pigeni picha kila wiki mkiwa mmeweka rula juu ya ukuta, saa ile ile ya asubuhi na kutoka mahali pale pale, na mhakikishe rula inasomeka kwenye picha. Tazameni pia upande ambako maji hutoka baada ya kupita kalavatini, kama udongo umechimbwa chini ya sakafu ya kalavati. Kama mguu wa ukuta unaning'inia, zuieni malori leo hii bila kusubiri barua. Taarifa ya barabara za wilaya na vijiji ipelekeni TARURA, na kama barabara ni kuu au ya mkoa, TANROADS, mkiambatanisha picha zenu zote kwa mpangilio wa tarehe.